Ukanda wa kofia uliokataa kukutana: kisa cha maua 14 na kalamu ya buluu

Kofia ile ililetwa kwangu ikiwa vipande viwili, imefungwa ndani ya upande wa kanga, siku ya tatu baada ya Sikukuu. Aliyeileta ni binti wa mtaani kwetu hapa Wete, niliyemfundisha sindano tangu yuko skuli. Alifuatana na shangazi yake. Alipokwisha kuniamkia akakaa kimya anaangalia mkeka, na aliyesema ni shangazi mtu: "Bi Mwalimu, mtoto kaharibikiwa. Harusi Mfunguo Pili, zimebaki wiki tano, na kofia ya bwana harusi ndiyo hii."

Nikaifungua kanga palepale barazani, mwanga ungalipo. Duara la juu lilikuwa limekwisha, safi, limenyooka, ukilibonyeza unahisi ule ugumu wa kazi iliyoshindiliwa vizuri. Shida ilikuwa kwenye ukanda wa ubavuni. Maua 14 yamechorwa, tisa yameshashonwa, matano bado. Kila penye mstari ambao uzi haujaufunika palikuwa na rangi ya hudhurungi, kama chai iliyomwagika ikakauka. Na mwisho wa ukanda, baada ya ua la 14, kilibaki kipande kitupu cha upana wa kucha ya kidole cha shahada.

Nakiandika kisa hiki chote kwa ajili ya wenzangu wanaoshona kofia za mkono, na zaidi kwa wanaofundisha. Nilipokichunguza sikuona kosa lolote la sindano. Mishono ya yule binti ilikuwa mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Kazi iliharibika kabla uzi haujapita kwenye tundu la sindano.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, kofia ya viua ni kitambaa mara mbili. Unachukua bafta nyeupe, tabaka juu ya tabaka, unazipiga bandi zisitembee, kisha unazishona pamoja kwa mishono midogo midogo mpaka zinakuwa kitu kimoja. Ndani ya nakshi hiyo unatoboa viua, vile vitundu vidogo, kwa sindano nene inayozisukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata, na kila kitundu unakizungushia uzi kisijifunge. Viua vinaingiza hewa kichwani, na vikipangwa ndivyo vinavyochora ua. Wenzetu wa Oman wanaivaa kofia ya namna hii, wao huiita kumma.

Anayeshona mfarishi kwa mkono ataiona kazi yake humu. Naye anafunga tabaka kwa mishono, naye ana pindo lenye nakshi inayozunguka pande zote na inayotakiwa ikutane. Yeye ana pembe nne za kugeuza. Sisi tuna mahali pamoja tu, pale ncha mbili za ukanda zinapoungana kisogoni, lakini pale pamoja panatazamwa na kila aliyesimama safu ya nyuma msikitini.

Kalamu

Nilianza na madoa kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakimliza. Nikamuuliza amechorea nini. Akasema kalamu ya buluu ambayo mtoto wa mamake mdogo alimnunulia Darajani, Unguja, ile inayofutika kwa maji. Akachora, akapenda, maana mstari wake unaonekana kuliko penseli. Alipofika ua la tisa mama wa bwana harusi akataka kuiona kazi. Ukanda ulikuwa umekunjamana kwa kushikwashikwa, akaupiga pasi.

"Ulipoupiga pasi, mistari ilikuwa bado ipo?"

"Ipo, mwalimu. Nilijua nitaifua mwisho."

Basi. Ile kalamu ya buluu huondoka kwa maji baridi matupu. Ukiipiga pasi kabla ya kuiosha, joto linaifunga wino ndani ya uzi wa kitambaa na inageuka hudhurungi. Sabuni nayo inaweza kuifunga vivyo hivyo, kwa hiyo hata angeifua kwa sabuni ya unga kama alivyokusudia angeweza kuishia palepale. Maagizo yalikuwa kwenye kijikaratasi cha kalamu, kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo yeye hasomi. Usiku ule tuliulaza ukanda ndani ya bakuli la maji baridi, tukabadilisha maji alfajiri. Buluu yote iliyokuwa haijaguswa na pasi ikaondoka. Hudhurungi haikutikisika.

Kalamu hizi za kufutika ziko za aina nyingi sasa na kila moja ina tabia yake, na si vibaya fundi akazijua. Iko ya zambarau inayopotea yenyewe kwa hewa, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Hewa ikiwa na unyevu hupotea upesi zaidi, na hapa Pemba wakati wa masika unaweza kuchora asubuhi, ukaenda kupika, ukirudi baada ya alasiri unatafuta ulichokichora. Iko inayofutika kwa joto: unapitisha pasi, mstari umekwenda. Huo mstari haukutoka, umefichika tu, na baridi kali huurudisha. Kwetu hakuna baridi ya kuurudisha, ila kofia zetu zinasafiri. Mtu akimpelekea ndugu yake Kanada, kule ambako baridi hushuka nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, ile michoro inaweza kujitokeza upya juu ya kichwa cha mtu.

Mimi nachorea penseli ngumu, iliyochongwa kali, kwa mkono mwepesi. Penseli laini inaacha unga mweusi, na uzi mweupe ukipita juu yake unaufagia wote, unakuwa wa kijivu. Kwa nakshi inayorudiwa mara nyingi naichora kwanza kwenye karatasi, naitoboa mstari wote kwa sindano, naweka karatasi juu ya kitambaa na kupitisha kijifuko cha unga wa buluu ya nguo. Unga unapenya kwenye vitundu na kuacha nukta, nami naunganisha nukta kwa penseli. Maji ya kwanza yanauondoa. Mji wa Lucknow, India, wanaoshona kazi nyeupe iitwayo chikan hufanya jambo la karibu na hilo: nakshi hugongwa kwenye kitambaa kwa mihuri ya mbao na rangi ya buluu inayotoka kwa kufuliwa, ndipo sindano ianze.

Kabla ya yote, chochote utakachochorea, kijaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho: chora, piga pasi, fua, anika. Kipande cha upana wa kiganja kingeiokoa kazi ya mwezi mzima.

Ua la kumi na tano

Madoa yalimshughulisha hata hakukiona kile kipande kitupu kuwa ni kosa. Alidhani atakijaza kwa mistari ya kawaida na hakuna atakayeona. Hapo ndipo nilipotaka tukae sana.

Kichwa cha bwana harusi ni sentimita 57. Ua alilolichagua, pamoja na nafasi yake, lina sentimita 4. Alianza kuchora kwenye ncha moja ya ukanda, akaenda ua baada ya ua kwa rula mpaka akaishiwa. Maua 14 ni sentimita 56. Imebaki moja, na hiyo moja haina pa kwenda.

Wengi wetu hapo huwa tunaiba kidogo: ua la mwisho tunalivuta, tunalinenepesha, au tunaacha pengo tukitegemea mshono utalificha. Jicho la mtu halidanganyiki kwa kitu kinachojirudia. Limeshaona maua 13 yaliyo sawasawa, la 14 likiwa na upungufu wa kucha linaliona kabla ya mwenye jicho kujua ameona nini.

Sentimita ile moja igawane kwa maua yote na hakuna atakayeijua. Gawa 57 kwa 14, kila ua linapata sentimita 4 na kama milimita 0.7, unene wa mstari wa penseli butu. Hilo lingetosha kuziba pengo. Lakini nilimuuliza tena: mbele ya kofia, katikati ya paji la uso, unataka pawe na nini? Akasema ua. Na kisogoni, kwenye mshono? Akafikiri, akasema nafasi, ili mshono usilipasue ua.

Hayo mawili hayapatikani kwa 14. Kofia ni duara: ukiweka ua mbele na idadi ya maua ikagawika kwa mbili, upande wa pili kabisa, kisogoni, litaangukia ua, na mshono utalikata katikati. Idadi isipogawika kwa mbili, kisogoni inaangukia nafasi. Ama uchague 14 na uweke nafasi mbele, nafasi itakuja na nyuma pia, ila paji la uso la bwana harusi litakuwa tupu. Kwa hiyo 13 au 15. Tukajaribu 15: 57 kwa 15 ni sentimita 3.8 kamili. Ua linapungua milimita mbili tu. Nilimwona yule binti akiinua uso kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Ila hatukuchora kwa 3.8. Nilichukua futi nikapima yale maua tisa aliyokwisha kuyashona. Yalichorwa sentimita 36. Sasa yalikuwa 35 na milimita moja. Sindano inakula kitambaa. Kila mshono unavuta tabaka mbili zikaribiane, na mishono ikiwa mamia kwa ua moja, ua linasinyaa. Lake lilikuwa linasinyaa milimita moja. Kwa ukanda mzima angepoteza sentimita moja na nusu karibu, na kofia ya kichwa cha 57 ingetoka ya 55 na nusu. Ingekaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika. Kisa kingekuwa kibaya zaidi kama ukanda ungekwisha bila ya doa, maana tungeyajua hayo siku ya nikaha.

Kila mtu mkono wake unasinyaza kwa kiasi chake. Anayevuta uzi sana anasinyaza zaidi. Kwa hiyo kipimo changu hakimfai yeye, wala chake hakimfai mwengine; kila fundi ashone ua moja kwenye kipande cha jaribio, apime kabla na baada. Yeye, kwa mkono wake, ukanda wa 57 auchore 58 na nusu. Gawa kwa 15, unapata 3.9.

Kugawa karatasi ya sentimita 58 na nusu mara 15 kwa rula ni kutafuta makosa, kwa sababu kila ukisogeza rula unaongeza kijikosa kingine. Nilimfundisha njia ya daftari. Kata ukanda wa karatasi wa urefu huo kamili, ukunje mara tatu zilizo sawa. Kila kunjo ni sentimita 19 na nusu. Fungua daftari la skuli lenye mistari. Laza lile kunjo mshazari juu ya ukurasa, ncha moja iguse mstari wa juu, kisha lizungushe polepole mpaka ncha ya pili iguse mstari wa ishirini chini yake. Kila mstari wa nne unapokutana na ukingo wa karatasi tia nukta. Umepata sehemu tano sawasawa bila ya kuhesabu hata milimita moja, na mara tatu ni 15. Alifanya mara ya kwanza ikakosea kwa sababu alihesabu mstari wa kwanza kuwa moja badala ya sifuri. Mara ya pili ikakubali.

Kwa nini hakuyajua

Shangazi yake aliuliza swali hilo, na aliuliza kwa upole: "Mbona hukumfundisha hayo, dada?"

Nilimfundisha kwa miaka minne, na katika miaka yote hiyo kitambaa alichokishona kilikuwa kimeshachorwa na mimi. Nilikuwa nachora usiku, watoto wamelala, asubuhi wanafunzi wanakuta ukanda tayari una maua. Ndivyo nilivyofunzwa na mimi. Mtaani kwetu mwenye kuchora alikuwa mmoja na washonaji wengi, na mchoraji hakuchora mbele ya watu. Sidhani alikuwa anaficha. Ilikuwa ni kazi ya kutulia, na kutulia kunapatikana usiku. Lakini matokeo yake ni kwamba tulijua kushona na hatukujua ua limetoka wapi.

Si kwetu peke yetu. Kaskazini ya Uingereza, mwisho wa karne ya 19, kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuchora mifarishi tu. Anayejulikana zaidi ni George Gardiner, mwenye duka katika kijiji cha Allenheads, Northumberland, na mwanafunzi wake Elizabeth Sanderson. Wanawake waliwapelekea vitambaa, wakavichora nakshi kwa penseli ya buluu, pindo na pembe zake zote, kisha wenye vitambaa wakarudi kushona nyumbani. Kazi zao zinasifiwa mpaka leo. Hata hivyo Sanderson alifunzwa kuchora, akasimama mwenyewe, naye akafunza wengine. Mimi sikumfunza mtu.

Nilimjibu shangazi hivyohivyo, mbele ya mtoto, kwamba lililotokea limeanzia kwangu.

Wiki tano

Duara la juu tuliliacha kama lilivyo. Lilichorwa na mimi kwa penseli na halikuwa na kasoro. Ukanda wenye madoa tuliuweka kando. Shangazi alipendekeza tubadilishe uzi, tushone juu ya madoa kwa rangi ya kahawa, na kofia za uzi wa rangi zipo na zinapendeza. Sikukubali. Maua yangebaki 14 na kofia ingebaki ndogo, na duara la juu jeupe lisingelingana nao.

Tulinunua bafta nyengine tukaifua kwanza, mara mbili, kwa maji ya moto, mpaka ule wanga wa dukani ukatoka. Kitambaa kipya kina wanga na bado hakijajikunja. Ukikishona hivyo, kitajikunja siku kofia itakapofuliwa mara ya kwanza, nawe huna la kufanya tena. Tukakianika kivulini kwa kuwa jua la siku zile lilikuwa la kuvizia baina ya mvua na mvua.

Binti akachora mwenyewe. Alianza katikati, kwenye mstari wa paji la uso, akaenda kulia maua saba na kushoto maua saba. Mimi nilikaa pembeni yake na mikono yangu nimeikunja, na ilikuwa taabu kuikunja. Ilimchukua siku mbili. Ua la tano upande wa kushoto lilipanda juu kwa milimita moja, akalifuta akalirudia bila ya kuambiwa.

Tatizo lililobaki ni muda. Ukanda kama ule kwa mikono miwili unataka zaidi ya wiki tano, tena ana kazi za nyumbani. Nilisema nitamsaidia, na hapa pana jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Wakishona wawili, mmoja anachukua nusu ya kulia na mwengine nusu ya kushoto. Kofia inatoka na nyuso mbili, kwa sababu mikono ya watu haifanani: mmoja anakaza uzi, mmoja analegeza, na upande mmoja unasinyaa kuliko wa pili. Sisi tuligawana aina ya mshono. Yeye alitoboa na kuzungushia viua vyote vya maua 15. Mimi nilijaza mistari yote iliyo baina ya maua. Kwa hiyo kila ua lilikuwa na mkono wake na mkono wangu kwa kiasi kilekile, na tofauti yetu, popote ilipo, imezunguka kofia nzima. Jioni yeye akimaliza ua ananiletea, mimi namrudishia asubuhi mtoto akienda skuli.

Kila tulipomaliza ua tulilipima. La kwanza lilitoka 3.8. La nne lilitoka 3.75, tukazungumza, mimi nikalegeza mkono kidogo.

Tulimaliza siku nne kabla ya nikaha. Ukanda ulipima 57 na milimita mbili. Ncha zilipounganishwa, mshono uliangukia kwenye nafasi baina ya ua la saba la kulia na la saba la kushoto, na nafasi hiyo ilikuwa sawa na nyengine zote. Tukaufunga na duara la juu, tukaifua kofia kwa maji baridi, tukaitia wanga, tukaivisha bakuli linalolingana nayo mpaka ikakauka.

Ule ukanda wa madoa ninao. Nimeuweka ndani ya kasha pamoja na lile daftari, na ukurasa wake wenye mistari bado una alama za ncha za karatasi. Wiki iliyopita nilikuwa na wanafunzi wawili wapya barazani. Niliwapa bafta nyeupe, penseli na ukanda wa karatasi, na yule binti akaja kukaa nao. Kwanza aliwauliza: mbele kutakuwa na nini?